Waya Kwenye Tundu la Tatu

4 Machi

Mvua imeanza leo, nami nimeanza kazi leo. Kazi yenyewe haina jina. Mama alimwambia mjomba, "Mchukue huyu mtoto. Akiendelea kukaa ndani kungoja matokeo ya mtihani atageuka kabati." Mjomba akacheka, akasema hospitali ina makabati ya kutosha lakini bado wanaweza kunipatia kona.

Mjomba ndiye fundi wa mtandao wa hospitali. Yuko peke yake kwa majengo matatu. Nimebeba ngazi na mfuko wa nyaya siku nzima na nimesema maneno kama kumi.

5 Machi

Nimebeba ngazi.

7 Machi

Leo nimeonyeshwa Mlinzi. Ndivyo mjomba anavyokiita kisanduku cheusi, bapa, upana wa sinia, kilicholala katikati ya kabati refu la chuma lenye mlango wa kioo. Kila kinachotoka hospitalini kwenda nje, na kila kinachoingia, kinapita tumboni mwake, naye anakagua: wewe pita, wewe rudi ulikotoka. Mbele ana matundu manne ya nyaya, yenye namba: la kwanza na la pili yana waya, la tatu na la nne ni matupu.

"Mpwa wangu," mjomba aliniuliza, "askari akizimia getini, unataka aangukie wapi?"

Nikatazama mlango wa kioo.

"Kuna anayeanguka akaziba geti. Mwizi hapiti, lakini na mgonjwa hapiti. Na kuna anayeangukia pembeni, geti likabaki wazi. Unamchagua yupi?"

"Inategemea ni geti la nani," nilisema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

Alinitazama. "Miaka sita nawaeleza wakubwa jambo hilo. Wewe dakika moja tu!"

Nilifurahi mpaka masikio yakawa ya moto. Akanieleza kwamba benki wangechagua geti lizibwe. Hapa hatuna daktari wa kusoma picha za kichwa. Zinatumwa kwa daktari wa hospitali kuu na jibu linarudi baada ya dakika chache. Kwa hiyo sisi tunataka geti wazi, hata kama mwizi atapenya humo kwa muda. Kwenye kompyuta kuna mstari mmoja tu: kifaa kikizimika, Zuia au Pitisha. Akaniachia mimi nibonyeze. Nikabonyeza Pitisha.

Lakini mstari peke yake hautoshi, akasema, kwa sababu kilichokufa hakisomi mistari, na vitu havifi kwa umri, vinafa kwa zamu. Ndani ya Mlinzi kuna kijichuma kidogo kilichoshikiliwa na umeme. Umeme ukikata, kinaanguka, tak, na kuunganisha waya unaoingia na waya unaotoka. "Akifa, anageuka waya," mjomba alisema, kama mtu anayemsifu mwanawe.

9 Machi

Jaribio. Msimamizi wa hospitali alikuja kushuhudia. Wafanyakazi wanamwita Bwana Kibali, kwa sababu hapa hata ufagio hauhami chumba bila karatasi yake. Dada wa chumba cha picha alisimama mlangoni kututazama, kisha akarudi kwenye mashine yake. Jina lake la utani ni Usipumue, maana ndilo neno analowaambia wagonjwa siku nzima.

Mjomba akachomoa umeme wa Mlinzi. Tak. Taa zote za kisanduku zikazimika. Usipumue akapiga kelele kutoka chumbani kwake, "Picha imeenda! Imeenda!" Wote wakapiga makofi, hata mimi.

Bwana Kibali alitia sahihi karatasi yenye neno IMEPIMWA, mjomba naye akatia yake, ikabandikwa juu ya kioo. Kisha akasema mbele yetu sote: "Mwaka jana mvua zilitukatia mtandao mara tano. Mwaka huu zikipita salama, Fundi, barua yako ya ajira ya kudumu naiandika mimi mwenyewe."

Mjomba ni kibarua tangu niko darasa la sita. Njiani kurudi hakufungua mwavuli. Sidhani alijua kuwa mvua inanyesha.

12 Machi

Leo nimetatua jambo peke yangu. Mjomba alikuwa jengo la wazazi, kanipa ufunguo wa kabati nifute vumbi. Usipumue, aliyenibandika jina la Bi Kimya, akaja mbio: "Bi Kimya, mtandao unakatika unarudi, kama mtu mwenye kwikwi!" Nikaona waya wa pili unacheza, tundu lake limelegea, ukiugusa taa inazimika. Nikauchomoa nikauingiza tundu la tatu, lililokuwa tupu. Ukashika vizuri kabisa. Kila kitu kikarudi.

Mjomba alipouliza nimefanya nini, nilisema, "Waya ulikuwa umelegea, nikauchomeka vizuri." Akanipiga bega. "Damu yangu hii!" akamwambia Usipumue.

15 Machi

Vurugu. Chumba cha kabati kina kiyoyozi, kwa hiyo watu huficha humo vyakula vyao visichache. Leo Bwana Kibali amekuta ndani ya kabati lenyewe bakuli mbili, chupa ya maziwa na kandambili. Za nani, hakuna aliyejua. "Zimeingia zenyewe," Usipumue akasema, uso mkavu.

Amechukua ufunguo. Sasa uko mmoja tu na anatembea nao mfukoni. Waraka umebandikwa chini ya ile karatasi ya IMEPIMWA: hadi mvua ziishe, yeyote atakayefungua kabati bila kibali cha maandishi atahesabiwa amejifukuza kazi mwenyewe.

19 Machi

Mvua. Ngazi.

25 Machi

Mvua. Mjomba ananifundisha kubana vichwa vya waya. Nimeharibu kumi na vinne. Anasema yeye siku ya kwanza aliharibu boksi zima.

2 Aprili

Siwezi kula.

Mjomba alinipa kitabu cha maelezo cha Mlinzi nikiandike upya kwa maneno mepesi, "ili hata Bwana Kibali aelewe." Ukurasa wa thelathini na moja kuna mchoro wa kile kijichuma. Matundu yamechorwa kwa jozi. La kwanza na la pili ni jozi. La tatu na la nne ni jozi. Kifaa kikiwa hai, yote manne yanaongea pamoja. Kikifa, la kwanza linaungana na la pili tu.

Waya wetu wa pili uko tundu la tatu. Niliuweka mimi.

Nimesoma ukurasa huo mara nyingi mpaka mistari ikaanza kutembea. Kila nilivyousoma ulisema lilelile. Mlinzi akifa leo, kijichuma kitaanguka kama kilivyofundishwa, kitaunganisha waya na tundu lisilo na kitu, na hakuna kitakachopita. Na juu ya kioo kuna karatasi yenye sahihi ya mjomba inayosema kitapita.

3 Aprili

Sijamwambia.

4 Aprili

Nilimfuata mpaka darini. Akauliza, "Enhe?" Nikasema, "Nikushikie tochi?"

8 Aprili

Ngurumo mbili. Nilisimama mbele ya kioo. Waya unaonekana waziwazi, wa buluu. Kutoka tundu la tatu hadi la pili ni upana wa kidole changu kidogo. Nimepima juu ya kioo.

9 Aprili

Nilikwenda kwa katibu wa Bwana Kibali kuuliza namna ya kupata kibali. Nilitaka kuandika jina langu, kufungua, kuhamisha na kufunga, yaishe bila mjomba kujua. Mama yule akanipa fomu. Sehemu ya tatu inasema: eleza sababu, na kama kifaa kilishapimwa eleza kilichobadilika tangu kilipopimwa. Fomu inasainiwa na fundi.

"Unatetemeka, mwanangu," akasema. "Una homa?"

Nikasema ndiyo. Akanipa peremende.

12 Aprili

Nimemwambia.

Tulikuwa stoo tunakunja nyaya. Nilianza kulia kabla ya neno la kwanza, akadhani mama ameugua. Nikamwonyesha mchoro. Aliusoma kidogo tu. Yeye hahitaji kusoma mara nyingi. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Nilitaka anigombeze. Nilikuwa nimejiandaa.

"Kosa ni langu," alisema. "Tundu lile nililiona linalegea tangu siku ya jaribio. Nikasema litashika."

"Mjomba, tuombe kibali leo. Ni sekunde moja tu."

"Nitaandika nini? Kwamba siku tatu baada ya yeye kutia sahihi, kabati lilifunguliwa, waya ukahamishwa, na mimi nimekaa mwezi mzima sijui? Na aliyeuhamisha ni mtoto wa dada yangu, asiye mwajiriwa, niliyempa ufunguo kwa mkono wangu?" Alifuta uso kwa kiganja. "Mvua zimebaki wiki sita, mpwa wangu. Mlinzi huyu ana mwaka mmoja tu. Kwa nini afe?"

"Wewe ulisema vitu havifi kwa umri, vinafa kwa zamu."

"Nilisema hivyo?"

"Tarehe saba Machi."

Akajaribu kucheka. "Sasa ndiyo unapata mdomo."

Tukamaliza kukunja nyaya. Mpaka leo nilidhani mjomba hana anachokiogopa, kwa sababu anapanda darini bila kushikiliwa ngazi. Leo nimemwona anaogopa barua ambayo bado haijaandikwa. Sikumchukia. Ingekuwa afadhali ningemchukia.

17 Aprili

Mvua. Hatukuzungumza.

18 Aprili

Mvua. Mjomba anapita chumba cha kabati kila saa, anachungulia kiooni, anaondoka. Usipumue anasema, "Kuna nini mle, kamficha mchumba?"

23 Aprili

Radi imepiga mti wa jirani. Mlinzi hakutikisika. Mjomba alinikonyeza kwa mbali. Nikajikuta nimetabasamu, na baadaye nikaona haya.

30 Aprili

Zimebaki wiki tatu na siku chache. Nimeanza kuamini.

6 Mei

Naandika polepole ili nisiruke kitu.

Asubuhi Bwana Kibali aliondoka kwenda kikaoni ng'ambo ya mto. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Saa nne kasoro mvua ikaja ya kufunika kila kitu, na radi yake haikutanguliza ngurumo. Mwanga na mlio vilikuja pamoja, taa za hospitali zikazimika, jenereta ikawaka. Mjomba na mimi tulikuwa ukumbini. Tulikimbia bila kuambizana.

Ndani ya kabati vifaa vyote vilikuwa vinarudi kimoja kimoja, vinapepesa. Mlinzi peke yake alikuwa mweusi. Harufu ya plastiki iliyoungua ilipenya kwenye upenyo wa kioo. Mjomba alizima swichi ya ukutani, akaiwasha. Kisanduku kilijaribu kuamka mara moja, taa moja nyekundu, kikakata. Nikakisikia kijichuma kikianguka. Tak. Kilifanya kazi yake sawasawa. Kiliunganisha waya na tundu tupu.

Usipumue akaja. Hakuwa na utani. "Fundi, nina mtu mezani. Fundi mwashi, kaanguka kutoka juu ya jengo. Picha ya kichwa haiendi. Daktari anataka jibu sasa hivi, ampeleke hospitali kuu au asimpeleke, maana barabara hii ikimshinda njiani…" Hakumaliza.

"Itumeni kwa simu," mjomba alisema.

"Simu gani? Angalia yako."

Mnara ulikuwa umezimika kwa radi ileile. Simu zetu zote hazikuwa na hata mstari mmoja. Bwana Kibali asingepatikana, na dereva aliyetumwa kumfuata alirudi amelowa kusema maji yamepita juu ya daraja.

Sasa nieleze jambo ambalo sitalisahau. Kioo kilikuwa kimoja, chembamba. Waya wa buluu ulikuwa nyuma yake, hatua moja kutoka kwenye pua zetu. Mjomba alisimama mbele yake mikono imening'inia, na juu ya kioo, usawa wa macho yake, kulikuwa na waraka: atahesabiwa amejifukuza kazi mwenyewe. Akatoa bisibisi akajaribu kitasa. Kitasa kilikuwa kizuri, alikichagua yeye. Akajaribu bawaba. Bawaba ziko ndani. Akaniambia nenda uangalie kama Bwana Kibali amerudi. Nikaenda. Hakuwa amerudi. Akaniambia nenda tena.

Mara ya tatu nilipita kwenye benchi la nje ya chumba cha picha. Mke wa yule mwashi alikuwa amekaa na kiatu kimoja cha mumewe mapajani, amekishika kama mtu anayeshika kikombe kilichojaa. Akaniuliza, "Binti, wewe ni wa hapa?"

Nikasema ndiyo.

"Wanangoja nini?"

Nilikuwa najua wanangoja nini. Katika hospitali nzima tulikuwa wawili tunaojua. Nikasema, "Mtandao, mama." Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kana kwamba mtandao ni mtu mkubwa mwenye shughuli nyingi.

Nilirudi nikamkuta mjomba ameketi sakafuni, mgongo kwenye ukuta.

"Mjomba, vunja."

Alitazama waraka.

"Nivunje mimi?"

"Ukae mbali na kioo," alisema. Akasimama, akavua shati, akalizungusha mkononi, akachukua kigoda. Alipiga mara moja tu. Karatasi ya IMEPIMWA na waraka vilianguka pamoja na vioo. Akaingiza mkono, akachomoa waya wa buluu kutoka tundu la tatu, akausukuma ndani ya la pili na kuushikilia kwa kidole kwa sababu linalegea. Taa ya kifaa cha chini kabatini ikawa kijani.

"Imeenda!" Usipumue akapiga kelele kutoka kule. Hakuna aliyepiga makofi.

Nilitazama saa ya ukutani. Dakika arobaini na mbili. Jibu la daktari wa hospitali kuu lilirudi baada ya dakika sita: damu inavuja ndani ya kichwa, mleteni haraka, mngetuma mapema.

Gari la wagonjwa lilizunguka njia ndefu, kwa kuwa daraja lilikuwa chini ya maji. Mke alipanda naye. Kiatu kilibaki benchini.

Mjomba alisimama pale kabatini mpaka alasiri, kidole kwenye waya, mpaka nilipopata gundi ya kuubana. Mkono ulikuwa unavuja damu kidogo. Hakutaka niufunge.

7 Mei

Mvua. Tumefagia vioo.

8 Mei

Kikao. Bwana Kibali, daktari mkuu, katibu, Usipumue kama shahidi, mjomba. Mimi nilikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kwa sababu nilikuwa nimebeba kisanduku kilichokufa.

Daktari mkuu aliuliza swali moja la maana. "Kilipimwa kikapita. Sasa nani alihamisha waya?"

Nilisimama. Naandika hivi ili nijikumbushe kwamba nilisimama kweli. Nikasema, "Ni…" na sauti ikafika hapo ikakwama.

"Mpwa wangu," mjomba akasema, bila kugeuka, "nenda stoo ukaniletee lile daftari langu la kazi. La jalada la kijani."

Hakuna daftari la jalada la kijani. Mjomba haandiki kitu. Huweka yote kichwani, hiyo ndiyo sifa yake. Nilijua. Lakini tangu nizaliwe sijawahi kutumwa na mjomba nikasema siendi, na miguu yangu ilishageuka kabla mimi sijaamua. Nilikwenda stoo. Nilitafuta kweli, nikainua hata ile ndoo.

Niliporudi, wanatoka. Usipumue alinishika kichwa akakiweka begani kwake. "Amesema ni yeye," akaninong'oneza. "Amesema aliuhamisha, akasahau."

Mjomba alinipita, akachukua ngazi yake. Kisha akakumbuka kuwa si yake, akairudisha ukutani.

9 Mei

Mjomba hakuja kazini. Mimi nimekuja, kwa sababu hakuna aliyeniambia nisije.

13 Mei

Bwana Kibali ameniita. Nilidhani ananifukuza, na nilikuwa tayari kushukuru. Akasema, "Mpaka tupate fundi mwingine, wewe ndiye unayejua nyaya za humu. Utashika." Nikasema, "Mzee, yule waya niliuhamisha mimi." Nilisema vizuri, kwa sauti. Alikuwa anatafuta miwani.

"Fundi alishatueleza kila kitu, binti. Ni vizuri kumtetea mjomba wako." Akaipata miwani. "Kabati jipya lina funguo mbili. Moja utakaa nayo wewe."

Nimejaribu tena jioni kwa mama. Mama akasema, "Mjomba wako amesema, basi. Usimfanye mwongo mbele za watu."

21 Mei

Mke wa mwashi amekuja na mumewe kwa ajili ya dawa. Anatembea. Mkono wa kuume umelala kando yake, haushiki kitu. Mkewe ndiye aliyemfunga vifungo vya shati.

Nilikimbia stoo nikawaletea kiatu. Nilikuwa nimekipaka rangi mara tatu.

"Ni yule binti," mke akamwambia mumewe. "Siku ile alikuwa anakimbia huku na huku kwa ajili yako." Akanishika mikono yangu yote miwili. "Asanteni. Mlijitahidi sana."

Mwashi akainua mkono wa kushoto kunisalimia. Nikaupokea.

29 Mei

Jua, siku ya pili sasa. Njia zimekauka kingo.

Mlinzi mpya amefungwa. Nimeweka Pitisha. Nimechomeka waya wa kwanza tundu la kwanza na wa pili tundu la pili, nikavuta kila mmoja kuona kama unacheza. Nikachomoa umeme. Tak. "Imeenda," Usipumue akasema kutoka chumbani kwake, sauti ya kawaida.

Bwana Kibali alitia sahihi. Akanisogezea kalamu. Karatasi ni ileile ya IMEPIMWA, wameifuta vumbi la kioo. Jina la mjomba liko pale, limepigwa mstari mmoja, na chini yake pana nafasi. Nilisimama na kalamu mpaka akaniuliza kama wino umeisha. Nikaandika jina langu.

Jioni nilipita kwa mjomba. Siku hizi anatengeneza redio barazani, watu wanamletea. Shikamoo, marahaba. Nikakaa chini ya meza yake ya kazi kama nilivyokuwa nikikaa nikiwa mdogo. Hakuuliza habari za Bwana Kibali wala za barua. Aliuliza swali analoniuliza kila siku tangu aache kwenda kazini, bila kuinua macho kwenye redio.

"Waya wa pili uko tundu gani?"

"La pili, mjomba."

"Umeangalia leo?"

"Nimeangalia asubuhi, na wakati wa kutoka."

"Kesho uangalie tena," alisema.